Mwezi Umeonekana, Lakini Ameuona Nani?

Kila mwaka, Ramadhani inapofika siku yake ya ishirini na tisa, sentensi moja fupi hutoka kinywa hadi kinywa katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera: "Mwezi umeonekana." Kabla haijamaliza safari yake, hukutana njiani na dada yake: "Mwezi haukuonekana." Asubuhi ya pili yake, katika mtaa mmoja, na pengine katika ua mmoja, utamkuta huyu amevaa kanzu mpya aelekea kwenye swala ya Idi, na yule angali amefunga. Ndugu wawili hawali pamoja siku ambayo dini yao iliwawekea wale pamoja. Watoto nao huuliza maswali ambayo wazazi hawana majibu yake.

Nakiri mapema kwamba mimi si shehe wala si mwanafalaki. Kazi yangu ni isimu, yaani uchunguzi wa lugha, na kilichonivuta kwanza katika mzozo huu ni kitenzi. Tukisema "mwezi umeonwa", papo hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza: umeonwa na nani? Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtendaji. Lakini sisi hatusemi "umeonwa". Twasema "umeonekana", na kauli ya kutendeka haimwekei mtendaji kiti. Hatuambiwi ameuona nani, alikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, wala alitazama upande gani. Isitoshe, kauli hiyo ina nyuso mbili. Nikisema "Mlima Kenya unaonekana kutoka hapa", maana yangu ni kuwa waweza kuonwa, hata kama hakuna autazamaye. Nikisema "simba ameonekana kijijini", maana yangu ni kuwa yupo mtu aliyemwona. Uwezekano na tukio vimevaa vazi moja.

Nadiriki kusema kwamba nusu ya ugomvi wetu wa kila mwaka imejificha ndani ya kiambishi hicho. Mwenye hesabu husema mwezi waonekana, kwa kuwa hesabu yake yamwonyesha kuwa waweza kuonwa. Mwenye macho husema haukuonekana, kwa kuwa yeye hakuuona. Wote wawili hutumia neno moja, na kila mmoja humdhani mwenziwe mkaidi. Nusu ya pili ya ugomvi iko katika macho yenyewe, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo.

Mji wa Garissa uko ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Anayetazama machweo huyatazama ng'ambo ya mto, juu ya nchi tambarare isiyo na mlima wa kuziba upeo. Nilisimama hapo jioni moja, mwezi ishirini na tisa Shaabani, pamoja na mzee mmoja mfugaji wa ngamia. Mimi nilikuwa na miwani. Yeye hakuwa nayo. Jua lilipokwisha kuzama alinyoosha kidole, akaniuliza, "Mwalimu, umeuona?" Nilitazama nikaona wekundu, vumbi, na nukta mbili tatu zilizokuwa zikiogelea. Nilitamani sana kuuona, na kwa kuwa nilitamani, nikauona. "Nauona, mzee," nikasema. Alicheka. "Unatazama kulia mno. Vua hiyo miwani uifute." Niliifuta kwa ncha ya shati, na mwezi wangu ukatoweka. Wake ulikuwapo, kushoto na juu kidogo, mwembamba, umelala chali kama dau.

Aibu hiyo si yangu peke yangu. Vitabu vya Kiarabu vya wasifu vyasimulia kuwa Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, alipokuwa mkongwe alitoka na watu kuutafuta mwezi, akasema ameuona, hali hakuna mwingine aliyeuona. Iyas bin Muawiya, ambaye alipata kuwa kadhi wa Basra na kusifika kwa werevu, aliona unywele mweupe wa nyusi umeinama mbele ya jicho la mzee. Akaurudisha mahali pake kwa adabu, kisha akamwomba auonyeshe tena huo mwezi. Mzee akatazama, asiuone.

Tuangalie vizuri alilotenda kadhi yule. Hakumwita mzee mwongo, wala hakusema kuwa macho hayafai kitu. Alitafuta kasoro katika njia ya mwanga, akaiondoa, akaliomba jicho lilelile litazame upya. Mji huohuo wa Basra ndio uliomzaa, mnamo mwaka 965, Ibn al-Haytham, ambaye katika kitabu chake kikuu juu ya elimu ya kuona alitenga juzuu nzima, ya tatu, kueleza makosa ya macho. Kwa hivyo asije mtu akatwambia kuwa kulihoji jicho ni uzushi ulioletwa na Wazungu.

Mwezi mwandamo ni mgumu kuonwa kwa sababu ya jirani yake. Uko karibu na jua, na anga ya machweo iliyo nyuma yake ina mwanga unaokaribia kulingana na wake. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alikadiria kwamba mwezi ulio chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauonwi, na umbali huo ni kama miezi mipevu 14 iliyopangwa mstari mmoja. Anayeshuhudia kuwa ameuona mwezi ulio karibu zaidi ya hapo kwa jicho tupu anastahili kuulizwa maswali ya ziada, kwa heshima ile ile ya Iyas.

Tatizo hili la kitu hafifu kando ya kitu king'aacho ndilo linalowakabili wanafalaki wanaotafuta sayari za nyota nyingine, nalo kwao ni zito mara nyingi zaidi. Lau kungekuwa na mtu mbali huko anayelitazama jua letu, mwanga wa Mshtarii, sayari yetu kubwa kuliko zote, ungekuwa kama sehemu moja katika bilioni moja ya mwanga wa jua. Ni sawa na kutafuta kaa dogo la moto kando ya taa za lori linalokujia usiku katika barabara ya Garissa kwenda Modogashe. Namna walivyolitatua tatizo hilo ina funzo kwetu, nami naomba msomaji anivumilie nilieleze.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujitazama wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfaransa mwingine, Bernard Lyot, alitaka kuliona taji la jua, yaani ule mwanga hafifu unaolizunguka, bila ya kungoja jua lipatwe. Alitengeneza darubini yenye kizibo kidogo ndani yake cha kuufunika uso wa jua. Chombo hicho huitwa koronagrafu. Lakini kizibo peke yake hakikutosha. Lyot alitambua kuwa sehemu kubwa ya mng'ao uliomsumbua ilitoka katika vumbi, mikwaruzo na viputo vya lenzi yake mwenyewe. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Lyot aliliona la kwake, akatafuta lenzi safi isiyo na doa, na taji la jua likaonekana mchana.

Hatua ya pili ilikuwa kushughulikia hewa. Nyota humeta kwa sababu hewa iliyo juu yetu haitulii, na darubini kubwa hukuza mtetemo huo pamoja na nyota. Isaac Newton alikwisha kulisema hilo katika kitabu chake cha mwaka 1704, na dawa aliyoiona ni kupanda milima mirefu yenye hewa tulivu. Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock alipendekeza dawa nyingine: kupima namna hewa inavyoupinda mwanga, kisha kukipinda kioo cha darubini kinyume chake ili makosa mawili yafutane. Wazo hilo lilingoja miaka mingi hadi tarakilishi zikawa na kasi ya kutosha. Leo chombo kiitwacho SPHERE, kilichoanza kazi mwaka 2014 katika darubini za Paranal nchini Chile, kina kioo chembamba chenye visukumizi zaidi ya 1,300 nyuma yake, na umbo la kioo hicho hubadilishwa zaidi ya mara elfu moja kwa kila sekunde. Mbinu hii naiita hapa optiki badilifu, mpaka mwenye neno bora alilete.

Hatua ya tatu ndiyo yenye funzo kubwa kuliko zote. Hewa ikisha kurekebishwa na nyota ikisha kuzibwa, katika picha hubaki madoadoa ya mwanga, na kila doa lafanana na sayari. Yatoka wapi? Mwanga ndani ya chombo hugawanywa: sehemu moja huenda kwenye kipimo kinachoongoza kioo, na sehemu nyingine huenda kwenye kamera. Kasoro iliyo katika njia ya kamera peke yake haionwi na kipimo. Kipimo hutoa ripoti kwamba mambo yote ni shwari, na huku picha ina doa. Chombo kimejikagua, kikajipa cheti, na bado kimekosea.

Wataalamu hawa wana dawa mbili za hila hiyo. Ya kwanza ni kukipinda kioo kidogo kwa makusudi na kutazama madoa yanavyobadilika; kwa njia hiyo hupimwa ile kasoro ambayo kipimo cha kawaida hakikuiona. Ya pili ni kuiacha picha ya anga izunguke taratibu ndani ya kamera usiku unapoendelea. Doa lililozaliwa na darubini hubaki palepale. Sayari ya kweli huzunguka pamoja na anga. Ni kwa kuunganisha optiki badilifu na mbinu hii ya kuzungusha ndipo mwaka 2008 ilipotangazwa picha ya sayari tatu zinazoizunguka nyota iitwayo HR 8799, iliyo umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 130. Ya nne iliongezwa mwaka 2010. Usione vyaelea, vimeundwa.

Msomaji atauliza, na ana haki: darubini za Chile zina nini na mwezi wa Idi wa Garissa? Kwa upande wa vyombo, hakika ni kidogo. Kioo chenye kujipinda hakingemfaa sana anayetafuta hilali, kwa sababu adui yake ni mwanga wa anga zaidi ya mtetemo wa hewa. Wanaopiga picha za hilali hutumia njia nyepesi. Huchagua mwanga wa infraredi, ambao anga huutawanya kwa uchache. Hupiga picha nyingi na kuzijumlisha. Aidha, hupiga picha ya anga tupu ili wapate ramani ya vumbi na kasoro za kamera yao, na ramani hiyo huiondoa katika picha ya mwezi. Kwa mbinu za namna hii, tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika dakika ileile ya kuzaliwa kwake, mchana, ukiwa digrii 4.4 tu kutoka kwenye jua, akiwa ameweka kiwambo cha kuzuia miali ya jua isiingie katika darubini.

Picha hiyo ni hodari, lakini tazama inatufikisha wapi. Ikiwa kamera yaweza kuunasa mwezi hata katika dakika ya kuzaliwa, basi "umeonekana" kwa maana ya kamera hakuna jioni ambayo halitasemwa. Swali la ni kuona kupi ambako sheria ya dini inakutaka halitajibiwa na lenzi. Hilo ni la maulamaa na Kadhi Mkuu, nami siligusi. Ninachokichukua kutoka kwa wanafalaki ni tabia yao. Wao huanza kwa kudhani kuwa chombo chao kina kasoro, huitafuta, huipima, huitangaza, na hawaliiti doa sayari mpaka limeshindwa kujitetea kwa njia nyingine yoyote. Sisi twaanza kwa kudhani kuwa jicho letu, au hesabu yetu, au redio yetu, ni safi, na kwamba kasoro iko kwa jirani.

Kwa hivyo natoa pendekezo, nalo ni dogo. Garissa ianzishe zamu ya kuutazama mwezi, si Shaabani na Ramadhani tu, bali miezi yote kumi na miwili ya mwaka wa Kiislamu. Kila jioni ya ishirini na tisa, watu watano au sita wasimame ukingoni mwa Tana: mfugaji mwenye macho makali, mwalimu wa madrasa, mwanafunzi wa shule ya upili, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Garissa. Wawe na darubini ndogo ya kawaida, na sharti lisivunjwe kwamba isielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote, maana miali ya jua ndani ya darubini hupofusha. Kila mmoja aandike peke yake, kabla ya kusemezana na wenzake: jua limezama saa ngapi, mwezi ameuona saa ngapi, upande gani wa machweo, pembe zake zimeelekea wapi, anga ilikuwa na vumbi au mawingu, na kama alivaa miwani. Asiyeuona naye aandike, na karatasi yake iheshimiwe sawa na ya aliyeuona.

Faida yake ni ipi? Baada ya miaka mitano tutakuwa na jioni zaidi ya 60 zilizoandikwa. Tutajua jicho la Garissa huuona mwezi wa umri gani, msimu upi vumbi huuficha, na ni mara ngapi mtu mkweli amedanganywa na wingu au na sayari Zuhura. Shahidi atakapofika mbele ya kadhi, kadhi atakuwa na kitu cha kupimia maneno yake. Hiyo ndiyo ramani ya kasoro, na bila ramani hiyo hakuna picha.

Mahali penyewe panafaa kuliko wengi wanavyofikiri. Garissa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Tofauti yao ya longitudo haifiki hata digrii moja, na saa zao ni zilezile. Mwezi Juni jua huzama Makka baada ya kuzama Garissa. Desemba huzama Makka kwanza. Hivyo ipo miezi ambayo Makka huutazama mwezi uliokua kidogo zaidi, na ipo miezi ambayo Garissa ndiyo yenye bahati hiyo. Zaidi ya hayo, Garissa iko karibu kabisa na ikweta, ambako hilali kwa kawaida husimama juu ya machweo badala ya kuinamia ubavuni kama inavyofanya katika nchi za mbali kaskazini.

Wala wenyeji si wageni wa anga. Mwaka 1968 msomi Msomali Muusa Galaal alichapisha Mogadishu kitabu kizima juu ya elimu ya Wasomali kuhusu nyota na hali ya hewa, elimu ambayo mfugaji huitumia kutabiri mvua za gu na deyr. Kalenda ya Waborana, yenye kufuata mwezi na nyota, imeandikwa na mtaalamu Asmarom Legesse katika kitabu chake cha 1973. Lugha zenyewe zashuhudia. Kisomali kina dayax kwa mwezi wa mbinguni na bil kwa mwezi wa kalenda. Waorma na Waborana husema ji'a kwa yote mawili, kama sisi Waswahili tusemavyo mwezi. Watu waliozipa saa zao za mbinguni majina yao wenyewe hawahitaji kufundishwa kutazama juu. Wanahitaji daftari.

Najua pingamizi litakalokuja. Wapo watakaosema kuwa Kaskazini Mashariki yataka maji, madaktari na usalama kabla ya darubini. Ni kweli, na sitaki shilingi moja ya kisima iende kwenye lenzi. Lakini nchi yetu imezoea kuitazama Garissa kupitia mng'ao mkali wa ukame na wa Alhamisi ile ya tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa chuoni. Msiba ule haufai kusahauliwa. Hata hivyo, kando ya mng'ao wake kuna mambo hafifu ambayo hatuyaoni: maarifa, subira, na vijana wanaosoma katika chuo kilekile, ambacho kilipewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Mji huo unastahili kujulikana pia kwa jambo unalolijua kuliko miji mingine.

Wengine watasema kuwa macho ya waumini yametosha karne kumi na nne. Nami sitaki kuyaondoa. Nataka yafanyiwe alivyofanya Iyas: yaondolewe unywele, kisha yaombwe yatazame tena. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi kila mmoja wa hao wengi ameandika alichokiona yeye na si alichokisikia.

Nami, kwa kuwa ni mtu wa lugha, nimalizie kwa sentensi ambayo ningependa kuisikia redioni Ramadhani zijazo badala ya ile fupi tuliyoizoea: "Fulani bin Fulani ameuona mwezi saa kumi na mbili na dakika arobaini, akiwa ukingoni mwa Tana, kushoto kwa machweo, pembe zikiwa juu, wenzake wawili wameuona, na watatu hawakuuona." Ni ndefu, nakubali. Lakini ina mtendaji, ina mahali, ina saa, na wale watatu nao wamo.